Namna ya kupata vigawo vya 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Kabla ya kugawanya chochote, angalia namba imetokana na nini. Toa 1, inabaki 4,294,967,296, yaani 2³². Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kuwa namba zote za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha ongeza 1) ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Hii inayofuata ilimwangusha: Leonhard Euler alipata kigawo chake mwaka 1732.

Njia ya kawaida itakuchosha bure. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 65,536 na ushee mdogo sana, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542 za kujaribu. Lakini kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 128 ukiongeza 1. Basi andika: 129, 257, 385, 513, 641. Ya 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, na 385 kwa 5. Zimebaki mbili tu.

Usigawanye tarakimu zote kumi, fuatilia baki. Kwa 257 kazi ni fupi: mwishoni baki ni 2, iache. Kwa 641:

2⁸ = 256
2¹⁶ = 256² = 65,536; toa 641 × 102 = 65,382, baki 154
2³² ina baki sawa na 154² = 23,716, na 641 × 37 = 23,717

Hapo 2³² imepungukiwa 1 tu kufikia kigawe cha 641, na ile 1 uliyoitoa mwanzoni inajaza pengo kikamilifu. Ni hesabu tamu sana! Sasa gawanya: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani kigawo cha pili ni tasa kwa sababu tu ni kikubwa. Kihakiki. Kipeuo chake ni 2,588 na kidogo, na sharti la 128 bado linatumika. Ya 257 imeshakataliwa, kwa hiyo jaribu 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, basi ni tasa.

Vigawo vyote ni vinne, na jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Namba hii pia ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hata bila 641 ungejua kuwa hii si tasa.

Ukihakiki kwa kompyuta, epuka namba za biti 32 (zinazohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1). Kikomo chake ni 4,294,967,295, hivyo namba hii huzunguka na kusomeka 1, mara nyingi bila onyo lolote. Tumia biti 64.