Kusoma alama za dhahabu ya kuchovya na kujua thamani yake kabla hujatoa pesa

Cheni ya gramu 10 inaweza kuwa na dhahabu safi gramu 7.5, au gramu 0.3, au isifike hata gramu 0.02. Ukiziweka mezani zote tatu, zinang'aa sawasawa, iwe umenunua Makoroboi, Mwanza, au umeletewa kutoka Dubai. Kwa hiyo usianze na bei, anza na alama.

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01, glasi ya maji, uzi mwembamba na sumaku.

Hatua ya 1: Tafuta muhuri

Kwenye pete uko ndani, kwenye hereni uko kwenye kijiti, kwenye cheni uko karibu na kifungo. Kagua kifungo na cheni kila kimoja peke yake. Kifungo hukatika na kubadilishwa, hivyo muhuri wa 750 wa kifungo hausemi lolote kuhusu cheni.

Hatua ya 2: Soma herufi zinazofuata namba

Namba peke yake ni kiasi cha dhahabu katika sehemu 1,000: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Mapambo ya India ya miaka ya karibuni huwa na nembo ya BIS (shirika la viwango la India), 22K916, na msimbo wa herufi na tarakimu 6.

Herufi ndizo zinazogeuza maana. GP na GEP ni ya kuchovya, yaani tabaka jembamba la dhahabu juu ya metali nyingine. HGE ni ya kuchovya kwa tabaka nene zaidi. Kwa kanuni za Marekani lisipungue maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). GF ni dhahabu iliyogandamizwa kwa joto na nguvu juu ya shaba: "1/20 14K GF" maana yake sehemu moja kati ya 20 ya uzito ni dhahabu ya karati 14. RGP hutengenezwa hivyo hivyo, ila dhahabu yake ni kidogo zaidi. Namba 925 kwenye pambo la njano ni fedha iliyochovywa.

Hapa watu wengi hupotea: 14KP si ya kuchovya. Hiyo P peke yake inasema karati imetimia, ni dhahabu ya karati 14 kweli. Usiiuze kwa bei ya shaba.

Muhuri ni ahadi tu, na yeyote mwenye patasi anaweza kuupiga. Endelea.

Hatua ya 3: Angalia palipochakaa

Chukua lenzi, tazama pete mbili za cheni zinapogusana, na ukingo wa chini wa pete ya kidole. Tabaka la kuchovya huisha hapo kwanza, hasa kwa jasho. Ukiona wekundu ni shaba, weupe wa kijivu ni fedha au nikeli. Sumaku nayo ina mipaka: shaba na fedha hazivutwi, na kifungo cha dhahabu halisi kinaweza kuvutwa kwa sababu ya springi ya chuma iliyomo.

Hatua ya 4: Pima kwa maji

Pima pambo likiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza pambo kwa uzi lizame bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba unayoiona kwenye mizani; jibu linaonyesha pambo ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Mfano: gramu 12.4 ÷ 1.45 = 8.55. Hiyo ni shaba ya njano. Fedha ya 925 hutoa takriban 10.4, karati 14 takriban 13, karati 18 kati ya 15 na 16.

Mapovu ya hewa huharibu jibu: tia tone la sabuni ya maji, tikisa uzi. Pambo lenye mawe au lenye uwazi ndani usilipime hivi, mpelekee sonara. Na sonara akwaruze kwa tupa mpaka ndani kabla ya kutia asidi, vinginevyo asidi itasoma tabaka la juu tu.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Cheni ya karati 18, gramu 10: 10 × 0.75 = 7.5. Ya 1/20 14K GF: 10 ÷ 20 × 0.585 = 0.29. Ya kuchovya yenye eneo la sentimita mraba 20 na tabaka la nusu maikroni: gramu 0.019.

Zidisha jibu la karati 18 kwa bei ya gramu ya dhahabu safi ya siku hiyo kwenye soko la madini. La GF lipunguze sana, kwani kuitenganisha dhahabu na shaba kuna gharama. La kuchovya liache kabisa: unalipia urembo na ufundi, na kama ndani ni 925, uzito wa fedha. Muuzaji akikutajia bei kwa gramu kwa pambo la GP, kataa. Mkikubaliana bei ya kipande, risiti iandikwe "imechovywa" pamoja na jina la metali ya ndani.