Kabla Hujaruhusu Injini Ifunguliwe: Land Rover 109 Inayochemsha

Mwenye Land Rover 109 iliyobadilishwa injini anapaswa kukubali mapema kwamba gari lake halina kitabu. Kitabu cha Land Rover kinaeleza injini ya petroli ya lita 2.25 ambayo ilikwishauzwa chuma chakavu, na kitabu cha Nissan kinaeleza TD27, injini ya dizeli iliyowekwa badala yake, ikiwa ndani ya gari jingine kabisa, lenye rejeta yake, feni yake na mipira yake. Katikati ya vitabu hivyo viwili kuna kazi ya fundi aliyeunganisha, naye kwa kawaida hakuandika chochote. Gari la namna hiyo likianza kuchemsha, usimruhusu mtu alegeze hata boliti moja ya silenda hedi (kifuniko cha juu cha injini) kabla hujayapitia haya ninayoyaeleza. Mimi niliruhusu, nikalipa mara mbili.

Hakikisha kwanza kwamba gari linachemsha kweli. Geji ya dashibodi ni ya Land Rover na sensa iliyo kwenye injini ni ya Nissan, na vitu hivyo havikutengenezwa vielewane. Sindano inaweza kugusa wekundu maji yakiwa na nyuzi 85 tu, au ikatulia katikati huku hedi inaungua. Azima kipimajoto cha kuelekeza cha mafundi wa majokofu (kile cha homa tulichopimwa milangoni wakati wa korona hakifai, kwa kuwa kinaishia nyuzi arobaini na kitu), ukielekeze kwenye nyumba ya themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto) injini ikiwa ya moto. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo, kwa hiyo bandika hapo kipande cha utepe mweusi. Ukisoma kati ya 80 na 95, ugonjwa uko kwenye geji.

Kisha jiulize linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara inapofunguka, tafuta upande wa hewa: feni, mkanda wake, na kava la feni ambalo aliyebadilisha injini huenda alilitupa kwa sababu halikuingia. Likivumilia foleni lakini likachemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu, maji hayazunguki ya kutosha au rejeta imeziba. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, fikiria hewa iliyonaswa ndani au gasketi inayoziba kati ya hedi na injini. Fundi asiyeuliza swali hili kabla ya kushika spana, mshukuru na uondoke.

Yaliyo wazi nayataja kwa haraka. Angalia kiasi cha maji asubuhi injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, hata kwa kitambaa, hata ukiwa na haraka. Usimwagie injini iliyochemka maji ya baridi, kwa kuwa hedi hupasuka. Osha nyavu za rejeta kwa kurushia maji kutoka upande wa injini. Kama feni ni ya umeme, weka ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta: ukinata, feni inavuta inavyopaswa, ukipeperuka, nyaya zimefungwa kinyume na feni inapigana na upepo wa safari.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa sababu ni cha bei ndogo. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo ili maji yachelewe kuchemka: kifuniko kilichoandikwa 0.9 (yaani bar 0.9 za mgandamizo) kikiwa kizima, maji hupita nyuzi 115 bila kuchemka. Kikichoka, maji yako yanachemka kama ya sufuriani, na sufuria ya Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, huchemka karibu na nyuzi 95. Ndiyo maana gari linalotembea salama Dar es Salaam huumbuka nyanda za juu. Kuhusu themostati, najua desturi yetu ya kuing'oa na kuitupa, nami siikubali. Katika injini nyingi themostati hiyohiyo ndiyo inayoziba njia ya mchepuko maji yanapopata moto, na ukiiondoa sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Sasa nieleze kilichonifundisha. Nilikuwa nimepakia mabati kwenda Iringa, na gari lilikwenda vizuri Morogoro, Mikumi, hadi Ruaha Mbuyuni. Kwenye kona za mwanzo za mlima Kitonga sindano ikapanda na mvuke ukatoka chini ya boneti. Nilirudi Dar, gereji ikasema ni gasketi. Hedi ikafunguliwa, ikasawazishwa, gasketi mpya ikafungwa, na gari likangurumishwa uani nusu saa bila tatizo. Safari iliyofuata lilichemka kwenye kona ileile.

Niliacha lipoe, nikaliteremsha polepole hadi Ruaha Mbuyuni, nikaegesha kando ya wauza vitunguu. Mzee mmoja fundi, baada ya kuitikia shikamoo yangu, hakugusa kitu. Aliniambia niwashe na nipige resi injini ikiwa bado ya moto, akainama akitazama chini upande wa rejeta. Kisha akamweka kijana wake kwenye pedeli akasema, "Shuka uje uone, mwanangu." Nikaona mpira wa chini wa rejeta ukijinyonya na kubanana kama mrija wa boksi la juisi mtoto anapofyonza tone la mwisho. Kijana alipoachia mafuta, mpira ukarudi duara kana kwamba hakuna lililotokea.

Mpira wa chini ndio ambao pampu huvutia maji, na kwa hiyo hutengenezwa mgumu au huwekwa springi ndani. Aliyebadilisha injini hakupata mpira unaolingana, akaunganisha vipande vitatu kwa mabomba ya chuma, na kipande cha katikati kilikuwa mpira laini wa pampu ya kumwagilia bustani. Kifuniko nacho kilikuwa kimechoka, hivyo hapakuwa na mgandamizo wa kuusaidia mpira usimame. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta hakuna kinachoonekana, na gereji zetu hukagua hivyohivyo. Mzee alizungusha waya mgumu kwenye mpini wa jembe mpaka ukawa springi, akaupenyeza ndani ya mpira, akanionya kwamba utashika kutu na nisiuache zaidi ya safari ile. Tulipanda Kitonga kwa gia ya pili, sindano ikiwa imetulia. Iringa nilinunua mpira wa lori na kifuniko kipya, na bei ya vyote viwili haikufika hata ile ya gasketi niliyofungiwa bure.

Kama mpira ni mzima, toa hewa kabla ya kushuku mengine. Injini iliyopandikizwa mara nyingi hukaa juu kuliko rejeta, na hewa hujificha kwenye hedi. Inua pua ya gari, jaza taratibu, acha inguruma bila kifuniko tangu ikiwa baridi hadi mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha kabisa na yakaongezeka ukipiga resi, au ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, hapo ndipo gasketi inaposhukiwa kwa haki na hedi inaweza kufunguliwa.

Hata baada ya yote hayo usisafiri mikono mitupu. Beba dumu la lita 20 la maji, klipu nne, kipande cha mpira mgumu, bisibisi, na mkanda wa akiba wa feni uliokwishaujaribu kama unaingia, kwa kuwa wa Land Rover hautaingia na wa Nissan huenda usiingie. Ukichemsha mlimani, egesha kwenye upana wa barabara na siyo kwenye kona, weka mawe nyuma ya magurudumu, na mtoto asiachwe mbele ya boneti.