Somo: Ulizia nasaba ya samaki kabla hujamtia tangini

Asalaam aleikum wadau. Swali limenijia kwa sura nyingi lakini ni lile lile: mtu afanyeje awe na tangi la maji chumvi nyumbani bila kuwa na mkono katika kuharibu mwamba? Mimi niko Malindi. Nafuga samaki wa mapambo, na kabla ya hapo nilikuwa nikizamia na wavu kwa wakala mmoja wa samaki hai. Kwa hiyo haya nimeyaona chini ya maji na mbele ya kioo.

Kwetu mtu akija kuposa haulizwi ana sura gani. Anaulizwa ni wa nani, katokea wapi, amelelewa vipi. Samaki naye mposeni hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: tangi kabla ya samaki

Hapa sikai sana. Tia maji, mawe na mchanga, washa pampu, kisha ngoja wiki nne hadi sita vile vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane. Pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu huo. Zote mbili zikifika sifuri na kubaki hapo, ndipo utoke kwenda kwa muuzaji. Samaki akivuliwa kwa uangalifu halafu akafia kwenye maji mabichi ya kwako, mwamba umepungukiwa bure.

Hatua ya pili: wajue wasiofaa

Hapa ndipo nilipoungua mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua kitatange wawili, wazuri mno, muuzaji akaniapia kwamba wanakula chochote. Nikawakatia kamba vipande vidogo kama punje za mchele. Vipande vikawapita machoni, hata hawakugeuka. Siku ya tisa mmoja alikuwa ameegemea jiwe, tumbo limebonyea, mgongo umekonda kama ukingo wa kisu. Wa pili alimfuata kesho yake. Baadaye ndipo nikajua: baadhi ya jamii za kitatange hawali kitu ila matumbawe hai, wanadonoa vinyama vyake asubuhi hadi jioni. Hata umpende vipi, hutamlisha. Samaki kama huyo muuzaji mwaminifu hamleti dukani.

Mwingine ni kangaja wa buluu mwenye mkia wa manjano. Watoto humlilia kwa sababu dukani ana ukubwa wa kidole gumba. Akikomaa anafika sentimita 30, na ni samaki wa kwenda mbio. Mwenye tangi la lita 100 amwache.

Na yupo yule mwembamba mwenye mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani, samaki msafishaji. Mwambani ana kituo chake, na samaki wengine humwendea kwa zamu kama watu kwa kinyozi, anawatoa wadudu mwilini. Ukimtoa hapo umefunga duka la kinyozi wa mtaa mzima. Tangini wateja wake watatu hawamtoshi, mara nyingi anakufa njaa.

Wanaofaa ni waliozaliwa tangini. Samaki wa anemoni, wale wadogo wanaoishi katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama laini wa mwambani, wanazalishwa kwa wingi duniani, farasi wa bahari pia. Farasi aliyezaliwa tangini amezoea chakula kilichogandishwa, wa baharini mara nyingi anataka kilicho hai na atakuhangaisha. Kwa samaki wa anemoni nunua wadogo wawili, usijisumbue kuuliza jike na dume. Wote huanza madume, kisha mkubwa hugeuka jike. Wataelewana wenyewe.

Hatua ya tatu: nasaba yenyewe

Kama ni wa baharini, uliza nani kamvua, kwa zana gani, katika kina gani, na amekaa siku ngapi kwa muuzaji. Muuzaji anayejua kazi hujibu bila kufikiri. Anayeanza kucheka-cheka, muage.

Kazi safi iko hivi. Wawili wanatandaza wavu mwembamba kando ya mwamba kama ukuta, wa tatu anawaswaga samaki polepole kwa ufito, kisha kila mmoja anatekwa kwa wavu wa mkono. Inachukua asubuhi nzima, na wengine wanakuponyoka. Kazi chafu ni ya haraka: samaki wadogo wakitishwa hukimbilia ndani ya matawi ya matumbawe, basi mtu anachukua mtaimbo, anavunja tawi, analikung'uta juu ya ndoo. Sijitoi. Nimelifanya mara moja, maji yalikuwa yanapwa na nahodha anapiga kelele. Tawi lilikuwa kama kichwa cha mtoto, likatoa samaki sita. Matumbawe ya matawi hukua sentimita chache kwa mwaka, yale ya mviringo kiasi cha sentimita moja tu. Pigeni hesabu.

Kina nacho kina maana. Samaki akipandishwa kwa haraka kutoka chini, kibofu chake cha hewa hufura, na wapo wanaomtoboa kwa sindano ili ashuke. Mtazame ubavuni nyuma ya pezi: kitone chekundu ni alama. Anayeogelea kichwa chini mkia juu, usimguse.

Wanaotoka Ufilipino na Indonesia wana swali la ziada. Sianidi ilianza kutumika Ufilipino miaka ya 1960, kisha Indonesia, kuwalewesha samaki wakamatike kirahisi, na sumu hiyo huua matumbawe yaliyo jirani. Imepigwa marufuku, lakini haijakwisha.

Hatua ya nne: mwambie muuzaji amlishe mbele yako

Usione haya. "Bwana, mtupie chakula kidogo nimwone." Samaki anayekula, anayepumua kwa utulivu, ambaye tumbo halijaingia ndani, huyo ana maisha. Kisha mlipie, mwache hapo hapo wiki moja, urudi. Akiwa bado mzima, mchukue. Wauzaji wazuri hukubali. Wabaya watakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Nairobi. Siku zote yuko njiani.

Hatua ya tano: matumbawe

Chukua kipandikizi tu, yaani kipande kilichokuzwa tangini kutoka kwa matumbawe mama. Kigeuze ukione chini. Kipandikizi cha kweli kimekaa kwenye kijisahani cha udongo au saruji, na nyama yake imetambaa ikafunika ukingo wa kile kijisahani. Kilichovunjwa mwambani chini yake ni cheupe, kina kovu la kuvunjika, pengine kimegandishwa kwa gundi jana usiku. Wengine hugandisha hivyo ili wakuuzie kama kipandikizi. Ukibonyeza ukucha ukingoni ukakuta pengo, umeshajua.

Matumbawe magumu yote, pamoja na farasi wa bahari, yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Hapa Kenya mamlaka ya CITES ni KWS, shirika la wanyamapori. Na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, huchukui kitu, awe samaki, kombe, au jiwe. Wa umri wangu tunakumbuka 1998, maji yalipopata joto na mwamba ukageuka mweupe pepe, kisha ukavaa mwani. Matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yalikufa mwaka ule.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Shela: Wakati wa bamvua wanangu hutoka na samaki wadogo kwenye vidimbwi, wazuri sana. Naweza kuwaweka?

Jibu: Kaka, wengi wa hao ni watoto wa samaki wakubwa. Wa rangi ya kijivu unayemwona leo ni tasi au changu wa sufuria yako ya mwaka ujao, na tangini atakushinda. Waache watoto wawatazame kwenye beseni, warudishwe pale pale kabla maji hayajajaa. Ukitaka kuvua kwa ajili ya tangi, anzia ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wenu.

Mwanachama, Mombasa: Muuzaji wangu ana leseni ukutani. Haitoshi?

Jibu: Leseni inakwambia ameruhusiwa kufanya biashara. Haikwambii samaki huyu alitokaje majini. Isome, mshukuru, kisha uliza maswali ya hatua ya tatu.

Mwanachama, Malindi mjini: Maji ya pwani yetu nachota wakati gani?

Jibu: Wakati wa kusi, maji yakijaa, mbali na mji. Kaskazi husukuma tope la mto Sabaki kuja upande wetu na ndoo inatoka na rangi ya chai. Ukikosa, changanya chumvi ya matangi, kiasi cha gramu 35 kwa lita.

Mwanachama, Lamu: Nina mpangaji anataka tangi lipambwe kwa matumbawe yaliyokufa ya ufuoni. Si yameshakufa?

Jibu: Dada, mifupa ya matumbawe nayo imo katika ule ule mkataba, na mgeni akiibeba kwenye begi utamtia taabu uwanja wa ndege. Tafuta mawe yanayochimbwa nchi kavu, yale ya matumbawe ya kale ambayo nyumba zenu zimejengwa kwayo. Ila chukua kutoka machimboni, si kifusi cha ukuta uliobomolewa. Chokaa ya ukuta itakuharibia maji.

Mwanachama, Kilifi: Huku vijana wanakula kwa kazi hii. Tukiacha kununua samaki wa baharini, waende wapi?

Jibu: Sijasema tuache. Nimesema tumlipe vizuri anayetandaza wavu, na mwenye mtaimbo akose mteja. Watu wa Kuruwitu, hapo hapo kwenu, walifunga sehemu ya mwamba wao wenyewe isivuliwe mwaka 2005 na bado ni wavuvi.

Mwanachama, Mombasa (tena): Nikimchoka samaki wangu, nikamwachie baharini?

Jibu: Hapana. Atapeleka maradhi ya tangini. Simba-samaki wa bahari zetu na za Pasifiki walionekana Florida mwaka 1985, inaaminika walitoka matangini, na leo wanakula vifaranga vya samaki Karibiani yote. Mpe mwanachama mwenzako.

Mwanachama, Shela (tena): Na wewe sasa una nani tangini, baada ya wale kitatange?

Jibu: Samaki wa anemoni wawili, wote wa kuzaliwa tangini, na kipandikizi kimoja cha matumbawe laini. Jike ana hasira. Nikitia mkono kusafisha kioo ananing'ata pale pale, chini ya pete.