Somo: Kupiga picha ya mwili unaotembea mjini

Wengi mnanitumia picha za wapita njia wa Kariakoo mlizopiga kwa spidi ya 1/500, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kila mkunjo wa shati unaonekana, ila mtu mwenyewe amesimama kama sanamu. Leo tupunguze spidi.

Hatua ya 1. Kabla ya kumtafuta mtu, tafuta kitu kisichotikisika: nguzo, ngazi, meza ya machinga. Mwaka 1992, mpiga picha Mrusi Alexey Titarenko alipiga umati ukipanda ngazi za stesheni ya metro, treni za chini ya ardhi, huko St. Petersburg, akaiacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Watu wakageuka moshi. Kilichobaki ni mikono iliyong'ang'ania bomba la ngazi. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika mwaka uliotangulia, na mimi ile dhiki naiona kwenye mikono ile kuliko ambavyo uso wowote ungenionyesha.

Hatua ya 2. Nenda jioni, jua likishazama. Weka ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga), f/16 (tundu dogo la lenzi), kamera juu ya stendi.

Hatua ya 3. Anza na spidi ya 1/4. Hapa tulieni kidogo. Mtu akitembea, mguu mmoja hukanyaga chini na kutulia wakati mwili unapita juu yake. Kwa 1/4 kiwiliwili kinayeyuka, lakini ule mguu unabaki. Ninayo picha moja ambayo mtu mzima ni ukungu wa kijivu, na chini yake kuna kandambili nyekundu, hadi ufa wa kisigino unauona. Ukishuka hadi sekunde 2, hata kandambili inapotea.

Hatua ya 4. Ukiwa na mcheza dansi, msimamishe katikati ya wapita njia, miguu imara, azungushe mkono mmoja tu. Akicheza mwili mzima utapata doa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu saa saba mchana, picha nyeupe tupu.
Marahaba. Kwenye jua kali, hata kwa f/16 na ISO 100, kamera inataka kama 1/100. Ukiweka 1/4 umeingiza mwanga mara 25 zaidi. Nunua kichujio cheusi cha lenzi, au subiri jioni.

Kaka, mimi nina simu tu.
Inatosha. Simu nyingi za Android zina sehemu ya Pro ya kuchagua spidi. Iegemeze ukutani, tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Na watu wakigomba?
Wana haki. Mcheza dansi mmeelewana. Wapita njia wakiyeyuka hawatambuliki. Ila machinga unayeegemea meza yake hatembei, atatoka kamili, sura na yote. Msalimie kwanza, mwonyeshe picha ya majaribio. Akikataa, hamisha stendi.