Vipele vya mwili vinavyorudi: namna ya kutambua chanzo kabla ya kununua dawa

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu swali lile lile limekuwa likirudi humu kwenye kundi letu mara kwa mara: "Vipele vinaondoka, vinarudi, nipake nini?" Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ngozi, na siwezi kujibu swali hilo kabla ya kujua ni vipele vya aina gani, kwa kuwa dawa inayotuliza aina moja huweza kuistawisha nyingine. Tafadhali fuata hatua hizi kwanza, kisha uliza.

Hatua ya 1. Vitazame mchana kwenye mwanga wa jua, mwili mzima, na mgongoni utazamwe na mtu mwingine.

Hatua ya 2. Acha kupaka krimu za mchanganyiko. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Maduka mengi huuza krimu ambayo ndani ya tyubu moja ina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hupunguza wekundu na muwasho ndani ya siku chache, na mgonjwa huamini kwamba amepona. Kumbe kama chanzo ni fangasi, kinga ya ngozi imezimwa na fangasi wanaendelea kusambaa. Lile duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, ambalo lingemwezesha mtaalamu kuutambua ugonjwa kwa kuutazama tu, hufifia na kubaki vipele visivyo na umbo. Kama chanzo ni upele unaoletwa na vimelea (wadudu wadogo sana wanaochimba ngozini), muwasho hupungua huku vimelea wakizaliana na kuhamia kwa wengine nyumbani. Krimu ikiisha, kila kitu hurudi kwa nguvu zaidi, mgonjwa hununua tyubu nyingine, na baada ya miezi ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Angalizo mbili: usipake krimu hizo usoni, kwenye kinena wala kwa mtoto bila maelekezo, na kama umezipaka kwa miezi mingi kwenye eneo kubwa la mwili, usiache ghafla, bali mwone mtaalamu akupangie namna ya kupunguza.

Hatua ya 3. Pima umri wa kipele kimoja. Chukua kalamu, zungushia duara uvimbe mmoja, andika saa, kisha utazame kesho yake wakati huo huo. Ukiwa umetoweka bila kuacha alama, huku mwingine ukitokea mahali pengine, hiyo ni dalili ya mabaka ya mzio, ambayo kila moja kwa kawaida halimalizi saa 24 hata kama tatizo lenyewe linaendelea kwa wiki nyingi. Ukiwa bado upo palepale, tafuta chanzo kingine. Naipenda njia hii kwa sababu haina gharama na hutenganisha makundi mawili ambayo watu huyachanganya kila siku.

Hatua ya 4. Angalia vimekaa wapi. Upele wa vimelea hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kuzunguka kitovu, kiunoni, matakoni, na kwenye uume au kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga hufika viganjani, kwenye nyayo na hata kichwani. Harara hukaa pale jasho linapobanwa na nguo: shingoni, kifuani, mgongoni, na hupungua mwili ukipoa. Vipele vyenye unywele katikati, hasa baada ya kunyoa, ni vinyweleo vilivyovimba. Kunguni huuma sehemu zisizofunikwa usiku, mara nyingi alama kadhaa zikiwa zimekaribiana au kufuatana kwa mstari. Jipu huwa kubwa, lina maumivu kuliko muwasho, na hutunga usaha.

Hatua ya 5. Uliza nyumbani nani mwingine anajikuna, na muwasho unazidi saa ngapi. Watu wawili au watatu wanaowashwa zaidi usiku ni upele wa vimelea mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya 6. Nenda kituo cha afya bila kusubiri kama kuna homa, usaha mwingi, malengelenge, uvimbe wa midomo au kupumua kwa shida. Vipele vilivyokunwa vikaingia bakteria vinaweza, kwa watoto hasa, kufuatiwa na ugonjwa wa figo, kwa hiyo mkojo mwekundu au uso uliovimba asubuhi si jambo la kungoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina vipele mwili mzima, nitajie dawa tu.
Jibu: Sitataja. Fanya hatua ya 3 na ya 4, kisha urudi.

Swali: Mimi nilipaka hiyo krimu ya mchanganyiko na nikapona kwa siku mbili, ingawa sasa vipele vimerudi. Kwa nini unawatisha watu?
Jibu: Ndugu, nimeeleza katika hatua ya 2 kwa nini nafuu ya siku mbili si ushahidi wa kupona. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu kwamba vipele vimerudi.

Swali: Shikamoo dada. Tulipaka BBE (dawa ya upele ya benzyl benzoate) familia nzima kwa siku tatu, lakini bado tunawashwa. Je, dawa ni mbovu?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kueleza vizuri. Muwasho wa upele hautokani na kuchimba kwa vimelea peke yake, bali ni mwili unaovikataa vimelea, mayai na vinyesi vyao. Ndiyo maana mtu anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa huku akiwaambukiza wengine, ilhali aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo hiyo muwasho huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya vimelea kufa. Msirudie BBE kila siku, kwa kuwa yenyewe huunguza ngozi na kuleta vipele vipya. Hakikisheni mlipaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na katikati ya vidole, wote siku moja. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko kwa siku tatu au zaidi, maana vimelea hawadumu muda mrefu nje ya mwili. Mkiona mashimo au vipele vipya baada ya wiki nne, rudini kituoni.

Swali: Majipu yangu hurudi kila mara kwapani na mapajani. Ni damu chafu?
Jibu: Hapana. Mara nyingi ni bakteria wanaoishi puani na kwenye ngozi, wanaosambazwa kwa taulo na nyembe za kushirikiana. Pima sukari, kwa kuwa kisukari huweza kujitokeza kwa njia hiyo. Yakiwa kwapani na kwenye kinena tu, yakiacha makovu na vijishimo, ni ugonjwa mwingine unaohitaji mtaalamu wa ngozi.

Swali: Nilikulia Mahenge, Morogoro. Nawashwa miaka mingi, na ngozi ya miguuni imekuwa na madoa meupe.
Jibu: Umefanya vyema kutaja mahali. Mahenge ni eneo lenye historia ya ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni), unaoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji yaendayo kasi, na muwasho pamoja na madoa kama hayo ni miongoni mwa dalili zake. Mweleze daktari ulikokulia, na umwambie kama macho yako yana shida yoyote.

Swali: Vijipele vya mikononi na miguuni, pande zote mbili, vikipona vinaacha madoa meusi. Nyumbani hakuna mwingine anayewashwa.
Jibu: Vinaweza kuwa mwitikio wa kuumwa na wadudu, lakini vikidumu kwa miezi, pima pia VVU. Vipele vya namna hiyo huwatokea watu ambao kinga imeshuka, na kwa wengi hupungua wanapotumia ARV.

Swali: Je, kuna faida ya kupiga pasi nguo za ndani?
Jibu: Ipo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini. Buu hupenya ngozini na kuleta kitu kama jipu lenye tundu dogo linalochezacheza. Pasi ya moto, hasa kwenye mishono na lastiki, huua mayai hayo. Nepi za mtoto zisisahauliwe.