Kumwombea mzazi Green Card: kazi kubwa iko nyumbani, si Marekani

Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 anaweza kuwaombea baba na mama ukaazi wa kudumu, yaani Green Card. Mwenye Green Card tu hawezi, mpaka apate uraia. Wazazi wa raia hawapangi foleni ya viza kama ndugu zake, kwa hiyo kinachowakwamisha watu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru mara nyingi ni vyeti.

Anza na cheti chako cha kuzaliwa. Kwa mama, kinatosha kikiwa na jina lake. Kwa baba, ongeza cheti cha ndoa yao, na hapa ndipo penye shida: ng'ombe wa mahari walifika, wazee walikula na kushiba, karatasi haikuandikwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, basi wazazi waende pamoja kwa Msajili wa Ndoa kabla hujatuma lolote. Kama mama alishafariki au walitengana, ombi la baba halijafa. Thibitisha kwamba alikulea kabla hujafika miaka 21: risiti za karo, picha, barua, rekodi za shule zenye jina lake.

Boma la wake wengi lina hesabu yake. Kila mama aombewe na mtoto aliyemzaa. Mke wa pili wa baba hahesabiwi mama wa kambo, kwani Marekani haitambui ndoa ya pili iwapo ya kwanza bado ipo.

Cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa ukubwani hutiliwa shaka. Kiambatanishe na karatasi za utotoni: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi za shule ya msingi. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi kwenye cheti chako, kitambulisho cha mzazi na pasipoti yake. Wanjala na Wanjalla, hiyo hati ya kiapo itaeleza. Lakini mama akiwa Akinyi huku na Atieno kule, sahihisheni chanzo kwanza.

Sasa fomu I-130, ndiyo ombi lenyewe kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, moja kwa kila mzazi. Kwa viwango vya Aprili 2024 ada ni dola 625 mtandaoni au 675 kwa karatasi. Hakiki siku ya kulipa. Wadogo zako hawawezi kuingizwa humo, hata aliye na miaka mitano. Mzazi akishapata ukaazi ndipo anaweza kuwaombea watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa.

Ombi likikubaliwa, faili huenda Kituo cha Kitaifa cha Viza: dola 325 kwa kila mzazi, na 120 za kukagua fomu ya udhamini, I-864. Kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Katika idadi ya kaya jihesabu mwenyewe, wanaokutegemea na wazazi wanaokuja. Wengi husahau hao wa mwisho. Kipato kisipotosha, tafuta mdhamini mwenza aishiye Marekani.

Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kwenye tovuti ya serikali, eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, Kisumu na Nakuru zikiwemo. Uchunguzi wa afya na mahojiano ni Nairobi, ubalozi ukiwa Gigiri. Mzazi asikimbilie daktari kabla ya kupewa tarehe ya mahojiano: uchunguzi una muda wake, na viza hufuata muda huo. Viza ikitoka, kuna dola 235 za mwisho za kutengeneza kadi yenyewe.

Kabla ya yote, muulize mzee kama kweli anataka kuhamia. Akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita ataulizwa maswali mpakani. Akipitisha mwaka bila kibali cha kurejea, kadi iko hatarini. Anayetaka kuona wajukuu na kurudi kabla ya msimu wa kupanda mahindi anahitaji viza ya matembezi, na aiombe mapema, kwani I-130 ikishaingia, kumshawishi afisa kwamba atarudi nyumbani huwa kazi ngumu.