SOMO: Diwani wako na vikao vya mkoa (RCC, Bodi ya Barabara, ALAT): nani anaingia, na hoja ya mtaa wako inafikaje huko

Wakuu, salaam.

Kila masika ikianza naletewa ujumbe uleule: "Diwani wetu kazi yake nini? Kwa nini haendi RCC akaseme habari ya mfereji wetu?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa, na mtu akikuuliza mpe uzi huu asome. Niliwahi kuwa mwandishi wa vikao katika moja ya halmashauri za mkoa huu wa Dar es Salaam, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyaandika mwenyewe kwenye mihtasari.

Jibu fupi ni hili: diwani wako wa kata si mjumbe wa RCC, yaani Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Kwa upande wa madiwani, anayeingia ni Meya. Hoja ya mtaa wako haitafika mkoani kwa sababu diwani ana sauti kubwa. Inafika pale Baraza zima la Madiwani linapoibeba kama azimio lake, na Meya akaenda nayo mkononi. Ukilielewa hilo, mengine yote ni utaratibu tu.

Hatua ya 1: Jua uko halmashauri gani

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (eneo la Wilaya ya Ilala), na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hapa wengi wanachanganya kwa sababu bado wanalikumbuka Jiji la zamani. Lile lilikaa juu ya manispaa zote na lilikuwa na madiwani waliopelekwa na mabaraza ya manispaa. Lilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji. Meya wa Jiji wa leo hana mamlaka juu ya Kinondoni wala Temeke. Ni Meya kama wenzake wanne.

Mabadiliko hayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Zamani diwani wa kawaida angeweza kuchaguliwa na wenzake akaketi kwenye chombo kinachotazama Dar nzima: taka, stendi, barabara zinazovuka mipaka. Chombo hicho sasa hakipo. Meza ya kawaida inayozikutanisha halmashauri zote tano ni ile ya mkoa, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, ambaye ni mteule wa Rais.

Hatua ya 2: Jua kero ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara), barabara za wilaya na za mitaani ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na mfereji wa pembeni unafuata barabara yake. Uliza kwanza kabla ya kulalamika.

Hatua ya 3: Anzia mtaani, kisha kata

Mkutano wa mtaa, halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wa kata. Hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari.

Hatua ya 4: Kamati ya kudumu

Mifereji, taka na ujenzi holela huenda Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Pesa huenda Kamati ya Fedha na Uongozi. Mwombe diwani akuambie yeye yuko kamati ipi. Kama hayupo kwenye inayohusika, azungumze na mwenyekiti wake mapema.

Hatua ya 5: Azimio la Baraza (soma hapa polepole)

Hoja nyingi hufia hapa, na hufa kimya bila mtu kujua. Nimeshuhudia kata moja ya bondeni ambayo diwani wake alisimama kwenye Baraza, akaongea vizuri kabisa, akapigiwa makofi, na wananchi waliokuwa nyuma wakatoka wakishangilia. Kwenye muhtasari ikaandikwa kwamba Baraza limepokea maelezo ya Mheshimiwa Diwani. Basi. Hakuna aliyeagizwa kufanya kitu. Kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo (pale maagizo ya kikao kilichopita yanapofuatiliwa), suala halikuwemo kwa sababu halikuwa agizo la mtu yeyote. Mvua zikaja, nyumba zikajaa maji, na Meya alipoulizwa kwa nini hakulipeleka mkoani akajibu kwamba Baraza halikumtuma. Kwa mujibu wa makaratasi alikuwa sahihi.

Kwa hiyo diwani asiishie kueleza kero. Atoe hoja, iungwe mkono, na Baraza liazimie. Maneno ya azimio yawe na vitu vitatu: suala lenyewe, chombo linakopelekwa, na nani anawajibika. Mfano: "Baraza linaazimia kwamba suala la mfereji unaopokea maji kutoka kata za halmashauri jirani liwasilishwe kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa, Mkurugenzi aandae andiko pamoja na makadirio ya gharama, na Mstahiki Meya aliwasilishe."

Tahadhari:
- Hoja iwasilishwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri kwa maandishi ndani ya muda unaotajwa kwenye Kanuni za Kudumu za halmashauri yako. Ikichelewa haiingii kwenye makabrasha, na ikibidi kuombewa nafasi kwenye mengineyo, hesabu kwamba imepotea.
- Msitegemee mkuu wa idara aandike andiko bila kufuatwa. Mpelekeeni picha zenye tarehe, majina ya mitaa na idadi ya kaya.
- Muhtasari husomwa na kuthibitishwa kikao kinachofuata. Diwani ausome kabla ya kuthibitishwa. Baada ya hapo, kurekebisha ni kazi ngumu sana.

Hatua ya 6: DCC, kisha RCC

DCC ni Kamati ya Ushauri ya Wilaya, mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya. Kwa Dar kila wilaya ina halmashauri moja, kwa hiyo DCC haiwakutanishi mameya wawili. Kama kero yako inavuka mpaka wa halmashauri, usiridhike na DCC.

RCC ndiyo yenye Mkuu wa Mkoa kama mwenyekiti na Katibu Tawala wa Mkoa kama katibu, pamoja na wakuu wa wilaya, wabunge wa majimbo, mameya na wakurugenzi. Ni kamati ya ushauri, haigawi fedha. Lakini bajeti za halmashauri hupita hapo mwanzoni mwa mwaka kabla ya kufika Bungeni, na mapendekezo ya kugawa majimbo hupita hapo pia. Majimbo ya Kivule na Chamazi yaliyotangazwa 2025 hayakuanzia Tume ya Uchaguzi, yalianzia kwenye vikao vya huku chini.

Hatua ya 7: Bodi ya Barabara ya Mkoa na ALAT

Kero ya barabara ya TANROADS ipelekwe Bodi ya Barabara. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, katibu ni Meneja wa TANROADS wa mkoa, na Meya na wabunge wanaingia. ALAT ni Jumuiya ya Tawala za Mitaa, iliyoanzishwa 1984. Huko diwani wa kawaida ana nafasi, kwa sababu Baraza huchagua mwakilishi wake. Muulizeni diwani wenu ni nani amechaguliwa. Mara nyingi hata yeye hakumbuki.

Hatua ya 8: Dai mrejesho

Meya akirudi, Baraza lipewe taarifa. Hakuna taarifa, diwani aulize swali kwa maandishi.

Maswali chini.

---

kimara_mwisho: Mkuu kwani Meya wa Jiji si ndiye bosi wa mameya wote?

Mleta mada: Hatua ya 1.

kimara_mwisho: Nimeuliza tu, sasa ukali wa nini?

Mleta mada: Si ukali, ndugu yangu. Nimeandika aya nzima juu ya hilo, na ndilo swali lililonifanya niandike uzi. Kimara iko Ubungo, na Meya wako ni wa Manispaa ya Ubungo.

BintiWaKigogo: Asante sana kaka kwa somo. Sisi tuko kando ya Msimbazi. Maji yanayotuingia hayatoki kwetu, yanatoka juu. Upande wa pili wa mto ni Jiji, sisi ni Kinondoni, na nasikia mto wenyewe unaanzia Kisarawe. Sasa hata RCC ya Dar itasaidia nini?

Mleta mada: Dada, swali lako ni zuri kuliko somo langu. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu upande wa Kisarawe, Mkoa wa Pwani, unashuka kupitia Ilala, Ubungo na Kinondoni mpaka baharini. RCC ya Dar inazibana halmashauri za Dar, haina kauli kwa Kisarawe. Kwa hiyo gawa hoja yako mara mbili. Mambo ya taka zinazotupwa mtoni, mifereji inayoelekezwa kwenu na ujenzi bondeni ni ya halmashauri jirani zenu, hayo yapitie RCC. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, mtaje kifungu hicho. Mambo ya mto kama mto, kuanzia chanzo chake, yapo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo haijali mipaka ya mikoa. Azimio la Baraza lenu litaje vyombo vyote viwili. Upo pia mradi wa Bonde la Msimbazi ulio chini ya TAMISEMI, mwombeni Mkurugenzi aeleze kwenye Baraza kata yenu imeguswaje. Mkikwama kuandika, niandikie pembeni, nitawasaidia kuipanga.

BintiWaKigogo: Mungu akubariki. Mkutano wetu wa mtaa ni mwezi ujao, naanza kukusanya picha.

Mleta mada: Picha ziwe na alama ya kudumu ndani yake: daraja, nguzo, ukuta wa shule. Ndipo mhandisi anatambua mahali bila kubishana.

dogo_wa_mbagala: Hizi kamati zote ni ulaji wa posho tu, hakuna kinachofanyika.

Mleta mada: Taja azimio moja la Baraza la Temeke ulilolifuatilia mpaka mwisho likakwama. Ukilitaja nitakusaidia kujua limekwama wapi.

Mzee_Pugu: Mleta mada, mimi niko Pugu. Magari ya taka ya manispaa zote yanakuja dampo la Kinyamwezi, barabara inaoza, harufu ndiyo usiseme. Diwani wetu anasema hana uwezo juu ya magari ya Kinondoni. Ni kweli?

Mleta mada: Shikamoo mzee. Ni kweli peke yake hana uwezo. Baraza lake linao. Sheria ya Mamlaka za Miji, Sura 288, inaruhusu halmashauri zaidi ya moja kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalozihusu zote, na taka ni mfano wake halisi. Madiwani wa kawaida wanaweza kuteuliwa humo, hivyo mngepata mtu wa Pugu ndani yake. Azimio liombe mambo mawili: kamati ya pamoja ya taka, na Meya alifikishe RCC ili halmashauri nyingine nne zitoe msimamo mbele ya Mkuu wa Mkoa. Kwenye barabara, anza na kujua ni ya TARURA au ya nani.

Mzee_Pugu: Marahaba mwanangu. Hii ya kamati ya pamoja hakuna aliyetuambia.

msomi_wa_mwenge: Nchi nyingine ikoje? Diwani wa kawaida huingia vikao vya kanda?

Mleta mada: Inatofautiana. Eneo la San Francisco, Marekani, kuna chombo kinaitwa ABAG cha tangu 1961, kinachounganisha kaunti 9 na miji 101, na miji wanachama hupeleka wajumbe wanaotoka kwenye mabaraza yao. Los Angeles, bodi ya usafiri ya Metro ina wajumbe 13 wenye kura, na wanne kati yao wanawakilisha miji midogo ya kaunti. Kwa hiyo diwani wa mji mdogo anaweza kupiga kura kuhusu treni ya eneo zima. Huko shida yao ni nyingine: mwakilishi anakaa kwenye kamati nyingi mpaka anasahau kurudisha taarifa kwa baraza lililomtuma. Mimi ningependa Dar ipate chombo cha namna hiyo, chenye madiwani wa kuchaguliwa kutoka halmashauri zote tano. Jiji letu linaungana kwa maji, taka na foleni, na uwakilishi nao uungane.

mama_saluni: Diwani wa viti maalum anaweza kubeba hoja yetu? Wa kata hapokei simu.

Mleta mada: Ndiyo. Ni mjumbe kamili wa Baraza, anatoa hoja na anapiga kura. Kitu asichoweza ni kuongoza kikao cha kamati ya kata.

kimara_mwisho: Sawa nimesoma vizuri sasa. Je, naweza kuingia kusikiliza Baraza?

Mleta mada: Unaweza, mikutano ya Baraza ni ya wazi. Vikao vya kamati kwa kawaida si vya wazi. Fika mapema, nenda na kitambulisho, kaa sehemu ya wageni, usiongee.

fundi_bomba: Na kama nataka nakala ya muhtasari?

Mleta mada: Andika barua kwa Mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili masjala, moja wagonge muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

fundi_bomba: Masjala walinigomea kugonga muhuri mara ya mwisho.

Mleta mada: Omba jina na saini ya aliyepokea, na tarehe, kwenye nakala yako. Wakikataa na hilo, tuma kwa rejista ya posta, stakabadhi itasimama badala ya muhuri.